Tisa ya Baba na Kumi Yangu

Ninayo siku moja mpaka leo, mwanangu, na haijachakaa hata kidogo. Ilikuwa Ijumaa, muhula wa pili ukielekea ukingoni, nami natoka shule upande wa Kawangware kurudi nyumbani Mashimoni, kule Kibera, kwa miguu kama tulivyozoea. Mkobani nilikuwa na matokeo yangu ya moki, ule mtihani wa majaribio unaotangulia mtihani wenyewe wa kidato cha nne. Nilikuwa na furaha. Lakini furaha ukiwa huna wa kumwambia huwa mzigo, na njia nzima sikukutana na mtu ambaye angeielewa karatasi ile hata ningemwonyesha. Nikakaza mwendo, nikijua Baba akirudi kazini nitakuwa na mtu.

Tulikuwa wawili tu mjini, mimi na Baba. Mama alikuwa ushago, kijijini kwetu, na wadogo zangu, akilima, na kuja kwake kulikuwa kwa nadra. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, upande wa mlango ni wake, upande wa ndani ni wangu. Baba alikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, na pale Mashimoni hakuna aliyemwita kwa jina lake; yeye alikuwa Karani, basi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne enzi za mtihani wa zamani, na mtu wa namna hiyo katika ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga, alikuwa peke yake. Barua ikija, aletewe aisome. Mtu akipewa karatasi hospitalini, kwa Karani. Chifu akibandika tangazo, Karani aitwe. Hata mwenye ploti, mama mmoja mzee wa Kinubi ambaye sote tulimwita Habuba, yaani nyanya kwa lugha yao, hakuthubutu kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya serikali kabla Baba hajaipitia. Kusoma ndiko kulikompa Baba heshima pale, na wewe unayekaa mjini unajua heshima ilivyo adimu kwa mtu wa chumba kimoja.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo mambo yalipopinda.

Sisi tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa wa mfumo wa elimu wa nane-nne-nne. Hatukuwa na kaka wala dada wa kutuambia "hapa pana shimo." Waliotutangulia walifanya mtihani mwingine, wenye hesabu nyingine, na katika ule wao namba ndogo ndiyo iliyokuwa tamu. Moja na mbili, huyo alikuwa mtu wa Distinction, wa kubebwa juu juu. Tatu hadi sita, amepita vizuri. Saba na nane, amepita kwa kukwaruza. Tisa, ameanguka, na namba zenyewe ziliishia hapo. Hakuna aliyewahi kupata kumi, kwa sababu kumi haikuwepo. Sisi tukaletewa wetu, nao ulikuwa umepinduliwa: pointi kumi na mbili ndiyo A, pointi moja ndiyo E. Mwalimu alituandikia hayo ubaoni mara moja tulipokuwa kidato cha tatu, akafuta, yakaisha. Wazazi hawakuambiwa na mtu yeyote. Tena shule yetu ilichapa matokeo kwa stensili, na ili kubana nafasi waliandika pointi tupu bila herufi.

Karatasi yangu ilikuwa hivi. Kiswahili, kumi. Kiingereza, tisa. Historia, tisa. Dini, nane. Jiografia, saba. Hisabati, mbili. Kulikuwa na mengine ya kati kwa kati ambayo hayakumfurahisha wala kumuudhi mtu. Nilikuwa nimeshika nafasi ya kwanza darasani kwa Kiswahili, na kwa hisabati nilikuwa karibu na mkia, jambo ambalo halikumshangaza mwalimu wa hisabati wala mimi mwenyewe.

Baba aliporudi alikuta majirani wameshakaa nje ya mlango wetu, maana habari za moki zilikuwa zimefika kabla yake. Akavaa miwani. Akakaa kwenye kigoda. Akaanza kusoma kwa sauti ileile aliyosomea watu barua za misiba.

"Kiswahili," akasema. Akasogeza karatasi karibu na macho. "Kumi?"

Majirani wakatazamana.

"Kumi!" akasema tena. "Mwanangu, mtihani ulikosa namba ya kukufelisha nayo, wakalazimika kukuundia nyingine?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akaendelea, na kila alipofika penye tisa sauti ilizidi kushuka. Kiingereza, tisa. Historia, tisa. Alizitamka hizo tisa kama mtu anayetaja wafu. Kisha akafika penye hisabati, akasimama wima mpaka kigoda kikaanguka.

"Mbili! Hesabu, mbili! Distinction ya hesabu!"

Mwanangu, sijawahi kumwona baba yangu vile, si kabla ya siku ile wala baada yake. Alikishika kichwa changu kwa mikono yote miwili. Alimwita Habuba kutoka mlango wa pili. Aliagiza soda na mkate. Akawatangazia watu kwamba hizo nyingine ni lugha na hadithi, zinasameheka, lakini mtoto mwenye mbili ya hesabu huyo ni injinia aliyekwisha zaliwa, amebakiza kukua tu. Nikamvuta shati.

"Baba, siyo hivyo. Siku hizi kumi ndiyo kubwa. Hiyo mbili nimeanguka."

Mama mmoja jirani akaangua kicheko. "Haki watoto wa siku hizi! Akianguka anageuza karatasi juu chini!"

Na wote wakacheka naye, isipokuwa Baba. Yeye aliniangalia kwa majonzi. "Uongo wa kujificha nimeusikia mwingi," akasema. "Lakini mtoto anayeikana hata baraka yake, huyo ndiye wa kwanza kumwona."

"Muulize mwalimu wangu, Baba."

"Mtu haulizi tafsiri ya lugha anayoijua."

Ukweli wangu ulifanana mno na uongo wa mtoto aliyeanguka, ndiyo shida. Ningelikuwa mimi ndiye mzazi, pengine nami nisingeamini.

Hayo yangeweza kupita, yakawa kichekesho cha ploti, lau si fomu. Siku zile tulichagua kozi za chuo kikuu kabla ya kuufanya mtihani wenyewe, tukiongozwa na moki, na fomu ilitakiwa shuleni Jumatatu ikiwa na sahihi ya mzazi. Mimi nilitaka ualimu wa Kiswahili. Sikutaka kingine. Baba akaichukua fomu jioni ile ile, akachonga penseli, akaandika uhandisi kwenye chaguo la kwanza, la pili na la tatu, akaniambia Jumapili tutapitisha kalamu ya wino. Mtu mwenye mbili ya hisabati anaomba uhandisi mara tatu! Unaona mwenyewe hiyo safari ingeishia wapi. Hata nafasi ambayo labda ningeipata kwa kumi yangu na zile tisa zangu ingekwenda kwa mwingine, na mimi ningebaki nje nikiwa na jina la injinia.

Jumamosi ilikuwa siku ndefu. Nilipokwenda kwenye kioski cha maji vijana waliniita, "Sema injinia!" Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniongezea kiganja kizima cha bure, akaniomba nikishaajiriwa nimkumbuke mwanawe. Kila mtu alinipongeza, na hakuna hata mmoja aliyenipongeza kwa nilichokifanya. Sijui kama umewahi kuyaonja hayo, mwanangu. Unasimama katikati ya watu wanaokupenda, wanakushangilia, na wewe uko peke yako kabisa, kwa sababu wanayemshangilia si wewe. Nililia nyuma ya pazia kwa kujiziba mdomo, na Baba upande wa pili alikuwa akipiga mluzi kwa raha. Nikaamua kunyamaza. Nikasema moyoni, aandike atakavyo, sitamwambia neno tena.

Adhuhuri Habuba aliniita nikamsaidie kutenganisha ukili wa rangi, alikuwa akisuka kawa la kufunikia chakula. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na vidole vyake havikupumzika hata alipokuwa akikutazama usoni.

"Wewe bint," akasema, "leo nyumba yenu iko na furaha, na uso yako iko na matanga. Nini?"

Nikamweleza yote, nikilia. Nilitaraji anihurumie. Habuba akasuka mzunguko mzima kabla ya kunijibu.

"Mimi namba sijui," akasema. "Sijui ni wewe unasema kweli ama ni Karani. Hiyo ni yenu. Lakini wewe umesimama mbele ya watu ukaambia baba yako hajui kusoma. Karani! Sasa ukimtoa kusoma, hapa amebaki na nini?"

"Lakini nilisema kweli, Habuba."

"Kweli si jiwe, unatupa tu." Akaniangalia. "Na yeye, hiyo mtihani yake ya zamani, alipata ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Hapo ndipo vidole vyake viliposimama. "Hujui? Unakula na yeye kila siku, unalala nyumba moja, hujui? Unataka asome yako, na yake hakuna mtu ameuliza." Akanisukuma kwa mguu, si kwa nguvu, lakini akanisukuma. "Toka kwa mkeka yangu. Usirudi hapa kama hujamuuliza."

Niliondoka nimekasirika, sikufichi. Nilimwona mzee asiyeelewa jambo, anapeleka maneno pembeni. Wazee wakikukemea mara nyingi ndivyo utakavyowaona, mpaka maneno yao yafike nyumbani kabla yako.

Jumapili, tuliporudi kanisani, Baba alikuwa akipiga pasi shati lake la kazi. Ilikuwa pasi ya makaa, na alikuwa mwangalifu nayo mno, shati lile lilikuwa moja kati ya mawili. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu ya wino juu yake. Nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo sikuwa na mazoea nalo.

"Baba, wewe ulipata ngapi?"

"Ngapi ya nini?"

"Mtihani wenu. Wa kidato cha nne."

Alimaliza kola, akaigeuza, akaimaliza upande wa pili. Kisha akaanza kuzitaja bila kunitazama, polepole, kama mtu anayetaja ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa.

"Historia, mbili. Biblia, tatu. Kiswahili, tatu. Kiingereza, nne. Jiografia, tano." Akahamia mkono wa shati.

"Na hesabu?"

Akaisimamisha pasi kwenye bati lake.

"Tisa," akasema.

Nikaambiwa siku hiyo jambo ambalo hata Mama hakuwa amelijua. Baba alikuwa ametaka kuwa mpima ardhi. Tangu utotoni alikuwa akiwaona wapimaji wakipita kijijini kwao na miguu-mitatu ya vyombo vyao, akawapenda. Alipomaliza shule akaenda kuomba nafasi, na mtu mmoja ofisini akamrudishia cheti chake huku akicheka, akamwambia tisa haipimi ardhi. Ndipo akaja Nairobi, akaingia stoo, akaanza kuhesabu makreti. "Watu wa hapa wanajua nilipita," akasema. "Na kweli nilipita. Lakini hiyo tisa nimelala nayo miaka yote hii. Hakuna mtu amewahi kuniuliza." Kisha akatabasamu, akaigusa karatasi yangu mezani. "Nilipoiona mbili yako nilisema, Mungu amenilipa kwa mtoto."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, na mimi nilikuwa nimekikalia bila kujua. Ningeweza kumwacha na malipo yake. Alikuwa na furaha, alikuwa mzee, na alikuwa ameingoja furaha hiyo kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Lakini kalamu ya wino ilikuwa pale, na Jumatatu ilikuwa kesho yake.

"Baba," nikasema, nikiishusha sauti kadiri nilivyoweza, "historia yako ni mbili, na yangu ni tisa. Mimi naona hizo namba ni majirani."

"Majirani vipi?"

"Yenu ilianzia juu ikateremka. Yetu inaanzia chini inapanda. Wametugeuzia ngazi."

Nikaona midomo yake ikicheza, anahesabu. Akaichukua karatasi yangu, akavaa miwani, akaisoma upya kutoka mwanzo, safari hii bila sauti. Alipofika penye kumi ya Kiswahili alikaa hapo kitambo. Alipofika penye hisabati akakaa hapo zaidi.

"Kwa hiyo hii mbili yako," akasema.

Nikaitazama ile kalamu ya wino.

"Ni tisa yangu."

"Ndiyo, Baba."

Makaa yalikuwa yakipasuka ndani ya pasi. Nilidhani ataikunja karatasi, au atatoka nje, au atanipiga, ingawa hakuwa baba wa kupiga. Akavua miwani, akaniangalia kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza tangu nije mjini.

"Kumbe tumefanana," akasema.

Akachukua raba, akafuta uhandisi mara tatu, akapuliza vumbi, akanisogezea fomu. "Andika unachokitaka." Nikaandika. Akatia sahihi yake ile ndefu ya ofisini, yenye mkia.

Nilidhani yameisha hapo. Baba akavaa lile shati alilokuwa amelipiga pasi kwa ajili ya Jumatatu, akatoka, akaanza na mlango wa jirani wa karibu. Kuta zetu zilikuwa za udongo, nami nilimsikia. "Jirani, ile mbili niliisoma kwa macho ya zamani. Mtoto alisema kweli, ni mimi niliyekosea." Akaenda mlango wa pili. Akaenda wa tatu. Hakuna aliyemlazimisha. Wengine walimwambia si neno, Karani, na wengine walicheka kabla hajafika mbali. Kwa muda baada ya siku ile kuna watu waliozipeleka barua zao kwa kijana mmoja wa Kisumu Ndogo, kijiji kingine cha hapo hapo Kibera, badala ya kwetu, na jioni Baba alikuwa akikaa mlangoni na miwani mfukoni, akingoja mtu aje asomewe. Nilikuwa nikikaa naye. Hatukuwa na mengi ya kusema, lakini nilikaa.

Utaniuliza mtihani wenyewe ulikuwaje. Kiswahili kilipanda. Hisabati ilibaki pale pale, ilikuwa imeshapapenda. Nafasi ya chuo kikuu niliikosa kwa kiasi kidogo, na nililia, lakini nilikosa kitu nilichokitaka mwenyewe na mtu mmoja duniani alijua ni kitu gani. Nikasomea ukatibu, nikaajiriwa shule ya sekondari hapa Kawangware, na miaka yangu yote ya kazi ni mimi niliyechapa matokeo ya moki. Walimu wakuu wamekuja na kuondoka, na kila mmoja ameniuliza kwa nini chini ya kila karatasi naongeza mstari wa bure: pointi kubwa ndiyo nzuri. Niliwaambia ni kupamba tu.

Sasa nimestaafu mapema, niko hapa 46, ndilo jina la stage yetu ya matatu, mume wangu ameshatangulia, watoto wangu mmoja yuko Mombasa na mwingine ng'ambo. Nyumba ni nzuri na iko kimya. Wengi wenu mnakuja moki zikitoka, mnapanda ngazi na simu mkononi, "Sasa shosho, niangalizie hii kitu." Nafurahi mno, ingawa najifanya nimesumbuliwa. Juzi alikuja Mwende wa nyumba ya chini, msichana mwenye akili, macho yamevimba.

"Shosho, nimechapwa. C plain. Fathe akiona hii nimeisha."

Nikamuuliza baba yake ni mkali? Akasema hapana. Nikamuuliza baba yake alifika wapi na shule. "Aliachia class six, shosho. Hatuongeangi hiyo story." Nikamwambia basi aanze na hiyo, na hiyo C itafuata yenyewe. Aliniangalia kama mimi nilivyomwangalia Habuba. Hajarudi kuniambia ilikuwaje, na sijui.

Na usifikiri mimi nimeshajua kila ngazi. Mjukuu wangu wa Mombasa, aliye kwenye mtaala huu mpya, alinitumia matokeo yake kwa simu. Nikafungua, nikaona EE, EE, EE imejipanga kama nguo kwenye kamba. Kwetu sisi E moja ilikuwa maziko, sembuse mbili mbili! Nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno ya kumpa pole. Bahati njema nikampigia kwanza, nikamuuliza ni nini. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Kumbe EE maana yake mtoto amevuka hata kile alichotarajiwa kukifikia. Mimi niliyechapa matokeo maisha yangu yote!

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, ichukue ilivyo. Ukipewa matokeo ya moki, jambo la kwanza usilie wala usishangilie. Uliza ngazi inaegemea upande gani. Kuuliza si ujinga. Pointi zenu ni themanini na nne zikijaa, si mia, na arobaini na sita ndiyo C plus ya kugonga mlango wa chuo kikuu. Sisi wa hapa tunapaswa kuikumbuka, maana stage yetu ndiyo jina lake. Usisome nafasi yako darasani ukadhani umesoma alama. Unaweza kuwa wa mwisho miongoni mwa hodari, na wa kwanza miongoni mwa waliolala. Uliza nani aliutunga mtihani ule, kwa maana kuna moki zinazotungwa ngumu makusudi ili mshtuke mkaamke, na mwalimu anayesahihisha moki ana mkono mzito kuliko atakayesahihisha ule mwingine. Fungua karatasi yenyewe, somo kwa somo, uone ulianguka kwa kutojua au kwa kuishiwa na saa au kwa kuruka swali. Hayo ni magonjwa matatu tofauti na hayatibiwi kwa dawa moja. Fundi wa nguo hukujaribisha koti kwa mshono wa muda kabla ya kushona kabisa, na likibana hakutupi wewe, hulifumua. Na somo lililokukataa kabisa, kama hisabati ilivyonikataa mimi, ulipe haki yake, lakini usiliruhusu likuchagulie maisha.

Ila la mwisho ndilo zito. Usikae na karatasi yako peke yako. Mficha uchi hazai. Mpelekee mzazi wako, na usimpelekee mbele za watu. Na kabla hujamweleza yako, muulize yake. Muulize alifikia wapi, alitaka kuwa nani, ni nani aliyemcheka. Akikukemea kwa sababu ya namba, huenda namba anayoiona si yako. Watu wengi waliotulea wamelala na tisa zao miaka na mikaka, na wanatungoja sisi tuulize, na sisi tuna haraka.

Mwenyezi Mungu akufungulie kichwa na aulainishe moyo wako. Akupe mwalimu asiyechoka na mzazi anayesikiliza, na kama hukujaaliwa huyo, akupe jirani. Mkono wako usitetemeke siku ya mtihani. Jasho lako lisianguke kwenye mchanga. Najua mtihani ukiisha huwa mnatawanyika, mmoja huku mwingine kule, na ngazi yangu hukaa miezi bila kusikia kiatu cha mtu. Sikulaumu, ndiyo ujana. Lakini matokeo yakitoka, mwanangu, ukipita, pita uniambie. Usipopita, pita vilevile.